Chumvi ya Katwe, Majivu ya Jikoni na Elektroni Moja ya Nje



Ndugu wasomaji, makala haya ni ya historia, lakini njia yake inapita katikati ya kemia. Naomba wazazi walioiacha kemia kidato cha nne wasikunje uso mapema, kwani tutaanzia jikoni.

Sababu ya kuyaandika ni hii. Ofisi za Baraza la Mitihani, UNEB, ziko hapa hapa kwetu Ntinda, na kila msimu wa mitihani ukikaribia vijana wetu wa madrasa ya jioni huja na juzuu mkono mmoja na daftari la kemia mkono wa pili, na vyote viwili huvisoma kwa namna moja: kwa kuhifadhi. Sodiamu, mbili nane moja. Klorini, mbili nane saba. Potasiamu, mbili nane nane moja. Ama Qur'ani, hifdhi ni heshima yake. Kemia haikujengwa hivyo. Ilijengwa na watu waliouliza "kwa nini?", na mwanafunzi anayeihifadhi bila kuuliza hukwama mara tu mtahini anapogeuza swali. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, umemzidishia mtihani mwanafunzi wa namna hii, kwa sababu unamtaka atumie alichosoma.

Na lipo la pili, ambalo huniudhi zaidi. Wako vijana, na wazazi pia, wanaosema kemia ni elimu ya Wazungu, sisi tunaiazima tu kwa ajili ya cheti. Basi mwulize kijana wako leo usiku: kwa nini alama ya sodiamu ni Na, na ya potasiamu ni K? Katika neno "sodiamu" hakuna N. Katika neno "potasiamu" hakuna K.

Majina mawili ya Kiarabu

Na ni kifupi cha natrium, na natrium imetokana na natrun, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa magadi yanayookotwa kwenye maziwa yaliyokauka. Ndilo neno lililobaki katika Ziwa Natron la Tanzania. K ni kifupi cha kalium, nayo inatokana na al-qali, yaani majivu ya mimea yaliyotumika kutengenezea sabuni na kioo. Sabuni ya Nablus na ya Aleppo ilipikwa kwa mafuta ya zeituni na qali. Neno "alkali" ambalo mwanafunzi hulisoma darasani ni hilo hilo. Mkemia wa Uswidi, Berzelius, alipopanga alama za elementi mwanzoni mwa karne ya 19 aliyachukua majina haya, na ndiyo maana mtoto wa Ntinda anaandika herufi zenye asili ya Kiarabu bila kujua.

Lakini tusizidishe. Nimewahi kusoma karatasi zinazodai kwamba wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na jedwali la elementi tangu zamani. Si kweli, na dini yetu haihitaji sifa za uongo. Alilolifanya Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925, lilikuwa kazi nyingine, na lilikuwa kubwa kwa zama zake: katika Kitab al-Asrar aliyapanga maada aliyokuwa akifanyia kazi katika makundi, metali mbali, mawe mbali, chumvi mbali, kwa kuangalia tabia zake mezani na motoni. Hakujua elektroni. Hakuna aliyejua elektroni kwa karibu miaka elfu moja baada yake. Ila fikra ya kwamba vitu vina ukoo, na kwamba ukoo hujulikana kwa tabia, ndiyo fikra ambayo jedwali lilikuja kusimama juu yake.

Sasa twende jikoni. Mama wengi wa Afrika Mashariki wanajua kwamba maharage magumu hulainika haraka ukitia magadi kidogo. Magadi ni kaboneti ya sodiamu. Mengi ya Kenya hutoka Ziwa Magadi, ambako Magadi Soda Company ilianzishwa mwaka 1911. Wasiokuwa na magadi, kama kaskazini mwa Uganda na magharibi mwa Kenya, walichoma mabua ya maharage au maganda ya ndizi, wakayachuja majivu kwa maji, na maji hayo yakafanya kazi ile ile chunguni. Majivu hayo yana kaboneti ya potasiamu, kwa sababu mimea huvuta potasiamu kutoka ardhini. Kimoja kimetoka ziwani, cha pili kimetoka shambani, na mpishi hahitaji kujua tofauti.

Sasa chukua kaboneti ya tatu. Mawe ya chokaa ya Tororo, yale yanayosagwa na kuchomwa kuwa saruji, ni kaboneti ya kalsiamu. Tia kipande chake kwenye maharage uone. Utachemsha hadi adhuhuri, jiwe litabaki jiwe. Zote tatu ni kaboneti. Mbili zinayeyuka kwenye maji mara moja, ya tatu inakataa. Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye ukingo wa nje wa atomu, na iliwachukua watu zaidi ya miaka mia moja kuifikia.

Ziwa lililopiganiwa

Kabla ya kuifikia, tupite kwanza magharibi. Nasema Katwe, lakini si hii Katwe yetu ya Kampala ya mafundi wa vyuma. Nasema Katwe ya Kasese, karibu na Ikweta, ambako kuna ziwa dogo ndani ya shimo la volkano. Chemchemi za chumvi huingia, maji hayana pa kutokea, jua linakausha, chumvi inabaki. Wanaume huingia majini kuvunja tabaka la chumvi ngumu lililo chini na kulipakia kwenye vyelezo. Kando ya ziwa kuna vijaruba vya udongo ambamo maji huachwa yakauke, na hapo wanawake wengi hupata riziki zao.

Chumvi hii ilikuwa mali ya wafalme. Bunyoro, Toro na Nkore zote ziliitamani, kwa sababu mwenye Katwe aliuza chumvi kwa nchi zote zilizozunguka. Mwishoni mwa karne ya 19 Omukama Kabalega wa Bunyoro aliishika. Mwezi Desemba 1890 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alifika Kampala na kujenga ngome yake kwenye kilima cha Old Kampala, pale pale ambapo Msikiti wa Kitaifa umesimama leo. Mwaka uliofuata, 1891, akaenda magharibi, akawasukuma askari wa Kabalega na kujenga ngome nyingine Katwe penyewe, akaiita Fort George. Alijua alichokifuata: anayeshika chumvi anashika mapato. Katika safari hiyo hiyo aliwafikia askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, wakiongozwa na Selim Bey, akawachukua na kuwaweka katika ngome za mpaka wa Toro. Wengi wao walikuwa Waislamu, na Wanubi wetu wa Bombo na kwingineko wanahesabu asili yao kwao. Kwa hiyo hadithi ya chumvi ya Katwe imo pia ndani ya historia ya Uislamu wa Uganda, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya.

Wote hao waliopigania chumvi hawakujua kwamba ndani yake mna metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka ikigusa maji. London walilijua hilo tangu mwaka 1807. Mwezi Oktoba mwaka huo Humphry Davy alipitisha umeme wa betri kubwa katika potashi, yaani alkali ya majivu, na vikatoka vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka kwa moto hapo hapo. Ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa soda na kupata sodiamu. Natrun na qali zikawa zimefunguliwa, na ndani yake wakatoka ndugu wawili: laini wote, wepesi wote, wakali wote.

Jedwali linapangwa, kisha linakwama

Baada ya Davy elementi ziliongezeka haraka. Döbereiner wa Ujerumani aliona mwaka 1829 kwamba zipo zinazokwenda tatu tatu, kama lithiamu, sodiamu na potasiamu, au klorini, bromini na iodini. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alizipanga elementi 63 zilizokuwa zikijulikana kwa uzito wa atomu, na tabia zikawa zinarudi kwa zamu kama siku za wiki. Palipokosekana elementi aliacha nafasi na kutabiri itakavyokuwa. Galiamu ilipatikana mwaka 1875 ikajaza nafasi mojawapo, na watu wakamwamini.

Lakini lilitokea tatizo, na ni ajabu kwamba walimu wengi hawalisimulii, kwani ndilo linaloonyesha kilichokosekana. Mwaka 1894 iligunduliwa argoni, gesi isiyojishughulisha na chochote. Uzito wake ni karibu 39.9. Uzito wa potasiamu ni karibu 39.1. Ukifuata uzito kikamilifu, potasiamu inayowaka majini inaangukia katika kundi la gesi tulivu, na argoni inaketi chini ya sodiamu. Kila mkemia alijua hilo ni kosa, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuzibadilisha nafasi isipokuwa kwa kusema "inaonekana hivyo".

Aliyeleta haki hiyo alikuwa kijana wa Kiingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 na 1914 alipima miale ya eksirei inayotoka katika elementi mbalimbali na akakuta inapanda hatua kwa hatua, na kila hatua ni chaji moja zaidi katika kiini cha atomu. Klorini ikawa ya 17, potasiamu ya 19, na katikati pakabaki nafasi moja ya argoni, ya 18. Uzito ukavuliwa ufalme, namba ya atomu ikatawazwa. Vita ilipozuka Moseley alijiunga na jeshi, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915 katika mapigano na jeshi la Uthmaniya. Alikuwa na miaka 27. Huwa naifikiria risasi ile. Askari aliyeifyatua alikuwa analinda nchi yake, wala hakujua kichwa cha nani kiko mbele yake.

Kwa nini 2, 8, 1?

Elektroni ilikuwa imeshajulikana tangu kazi ya J. J. Thomson ya mwaka 1897. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni hazikai popote zipendapo, bali katika ngazi maalumu za nishati, na mwaka 1916 Kossel na Lewis, kila mmoja kivyake, wakaeleza kwamba atomu hupoteza, hupokea au hushirikiana elektroni kuelekea umbo la gesi tulivu. Kwa nini kila ngazi ina mwisho wa idadi, hilo lilijibiwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925.

Vijana, msikubali "2, 8, 1" kwa sababu mwalimu amesema. Uko ushahidi, nao ni nishati ya kung'oa elektroni, inayopimwa kwa kilojuli kwa kila moli. Kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji 496. Kung'oa ya pili kunahitaji 4562, zaidi ya mara tisa. Kwa nini iruke hivyo? Kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa peke yake ukumbini, na ya pili iko chumba cha ndani, karibu na kiini. Tazama magnesiamu: 738, kisha 1451, kisha ghafla 7733. Mbili zilikuwa nje, ya tatu iko ndani. Namba hizi zinakusomea mpangilio wa elektroni hata kama hukuwahi kuuona.

Sasa linganisha ndugu wawili wa Davy. Sodiamu 496, potasiamu 419. Potasiamu ina protoni nyingi zaidi, 19 dhidi ya 11, na mwanafunzi wa haraka atadhani itaishikilia elektroni yake kwa nguvu zaidi. Lakini elektroni hiyo iko tabaka la nne, mbali, na zile 18 za ndani zinaikinga isiuhisi mvuto wote wa kiini. Ndiyo maana potasiamu huwaka majini kwa ukali kuliko sodiamu. Ukishuka kundi, atomu hukua na mshiko hulegea. Sesiamu, chini zaidi, ni 376 tu.

Ukienda kulia katika safu ya tatu, mambo ni kinyume. Protoni zinaongezeka lakini elektroni mpya zinaingia tabaka lile lile, hivyo kinga haiongezeki sana, atomu inajikunja na mshiko unakaza: sodiamu 496, magnesiamu 738, aluminiamu 578, silikoni 787, fosforasi 1012, salfa 1000, klorini 1251, argoni 1521. Umeona mabonde mawili? Hapo ndipo watahini wa kidato cha sita hupenda kukaa. Aluminiamu inashuka kwa sababu elektroni yake ya mwisho inaanza ngazi ndogo ya p, iliyo juu kidogo ya ile ya s, kwa hiyo inang'oka kwa urahisi. Salfa inashuka kwa sababu elektroni yake ya nne ya p inalazimika kuketi na mwenzake kiti kimoja, na zote zina chaji hasi, zinasukumana. Anayesema "inapanda kwenda kulia" na kunyamaza amepata nusu ya alama. Anayeeleza mabonde ameelewa.

Kwa hiyo turudi chunguni. Sodiamu na potasiamu kila moja inatoa elektroni moja na kubaki ioni yenye chaji moja. Kalsiamu inatoa mbili. Ioni yenye chaji mbili inashikana na kaboneti, ambayo nayo ina chaji mbili, kwa nguvu ambayo maji hayawezi kuivunja kirahisi. Ndiyo maana majivu na magadi yanalainisha maharage, na jiwe la Tororo linabaki jiwe.

Kiwanda kilicholiwa

Kufanana kwa ndugu hawa ndiko pia kulikoitesa Katwe. Ziwa lile halitoi chumvi ya mezani peke yake. Mna kloridi, kaboneti na salfeti za sodiamu, na potasiamu imo pia. Kutenganisha kloridi na kaboneti kunawezekana kwa kufuata ni ipi inayoganda mwanzo maji yakipungua, na wanawake wa vijaruba wamejifunza kwa macho wakati wa kuvuna. Kutenganisha sodiamu na potasiamu ni taabu zaidi, kwani tabia zao ni karibu moja. Wenzetu wa Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wana bahati: huko wanawake wameuchuja udongo na kuchemsha maji yake kwa karne nyingi, na mashamba yao ya chumvi hurithiwa na mabinti kutoka kwa mama zao.

Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kuitoa Katwe kwenye vijaruba na kuipeleka kiwandani, na kampuni ya Kijerumani ikajenga mtambo wa kuchemsha maji ya ziwa ndani ya mabomba. Haukudumu. Maji yale ya moto yaliyojaa ioni yaliyala mabomba. Hapa mwanafunzi asichanganye: klorini iliyo ndani ya chumvi imeshapata elektroni yake, ni 2, 8, 8, haina tena njaa ya kunyang'anya. Anayechukua elektroni za chuma ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Lakini maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na ioni za kloridi hutoboa utando mwembamba unaoulinda uso wa chuma, na palipotobolewa kutu huchimba kwenda ndani. Mtambo wa mamilioni ulikaa kando ya ziwa ukiozea, na watu wakarudi kwenye vijaruba.

Hadi leo chumvi nyingi ya Katwe huishia kwa mifugo, na nyingine huvushwa kwenda Congo. Ile tunayoinunua madukani Ntinda nyingi hutoka pwani ya Kenya, kwa maji ya bahari, na huchanganywa madini joto, yaani iodini, kwa ajili ya kuzuia uvimbe wa tezi ya shingo ambao zamani ulikuwa mwingi katika wilaya zetu za milimani. Iodini ni ya ukoo wa klorini, zote zina elektroni saba nje, lakini ina matabaka matano dhidi ya matatu, na tezi ya shingo haikubali moja badala ya nyingine. Anayetaka kuuza chumvi ya mezani sharti aitie, na mama mwenye kijaruba kimoja hana mashine wala dawa ya kufanyia hivyo. Dawa yenyewe, ukisoma maandishi ya nyuma ya pakiti, mara nyingi ni iodeti ya potasiamu: herufi K, ile qali ya majivu, imekaa ubavuni mwa natrun ndani ya mfuko mmoja wa nusu kilo.